Mkristo na siasa: akae kando, ashiriki bila kadi, au achukue fomu?

Jumapili moja baada ya ibada, watu wakisalimiana chini ya mwembe hapa Tabora mjini, kijana mmoja wa kwaya yetu alinivuta pembeni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

Akashusha sauti kama mtu anayetubu. "Mama, nikichukua fomu ya uenyekiti wa mtaa, nitakuwa nimerudi nyuma kiroho?"

Sikuwa na jibu la papo hapo. Kijana huyu ni fundi pikipiki. Pesa za kwaya zikikaa kwake hazipungui hata shilingi, na majirani wakigombania mpaka wa kiwanja wanamfuata yeye. Nilipomtazama niliona jinsi mtaa unavyomhitaji. Nikawakumbuka pia wale niliowaona wakiingia kwenye siasa na Biblia mkononi, na baada ya miaka miwili hawaonekani tena kanisani isipokuwa kwenye misiba.

Tulikaa naye zaidi ya mara moja, tukapima. Nayaandika haya kwa ajili yake, na kwa ajili ya wengine waliokwama hapo hapo.

Njia zenyewe

Watu husema "kuingia kwenye siasa" kana kwamba kuna mlango mmoja, uko ndani au uko nje. Mimi naona njia tatu.

Ya kwanza ni kukaa kando: kuwaombea viongozi, kulipa kodi, kutii sheria, na kuishia hapo. Wengine katika njia hii hawapigi kura kabisa. Ya pili ni kushiriki bila kadi ya chama: kupiga kura, kuhudhuria mkutano wa mtaa au wa kijiji, kukubali ujumbe wa kamati ya shule au ya zahanati, kusimama kwenye chama cha ushirika. Ya tatu ni kadi na fomu, yaani kujiunga na chama, kupiga kampeni na kugombea.

Nazilinganisha kwa mambo sita: Maandiko, utaratibu wa kanisa lako, sheria ya nchi, gharama na majaribu, umoja wa jumuiya, na matunda yanayoonekana.

Maandiko

Anayekaa kando hakosi msingi, na wanaomdharau kwamba ni mwoga hawajasoma vizuri. Watu walipotaka kumfanya Yesu mfalme kwa nguvu, alijitenga akaenda mlimani peke yake (Yohana 6:15). Mbele ya Pilato alisema ufalme wake si wa ulimwengu huu. Paulo anamwagiza Timotheo kwamba sala zifanywe kwa ajili ya wafalme na wote wenye mamlaka, na wala hasemi kwamba hiyo ni kazi ya walioshindwa kazi nyingine.

Anayeshiriki bila kadi anaweza kumtazama Paulo huyo huyo. Paulo hakugombea cheo popote, lakini uraia wake aliujua na akautumia. Kule Filipi alipigwa bila hukumu, na walipotaka kumtoa gerezani kimyakimya alikataa: waje wenyewe waliomfunga (Matendo 16:37). Baadaye alikata rufaa kwa Kaisari. Yeremia naye aliwaandikia watu waliokuwa uhamishoni Babeli wautafutie mema mji ule, maana amani yake ndiyo amani yao (29:7). Ule haukuwa mji wa waumini, wala mtawala wake hakuwa mwenzao.

Anayechukua fomu ana Yusufu aliyesimamia maghala ya Misri, Nehemia aliyejenga ukuta, Esta, na Danieli ambaye adui zake walichunguza kazi yake wakitafuta kosa wasilipate. Hapa niseme jambo ambalo wahubiri wa msimu wa uchaguzi hulipita haraka: hakuna hata mmoja kati ya hao aliyeomba kura. Waliteuliwa au waliitwa. Majaribu ya jukwaani, ya kuahidi usichoweza kutenda na kumchafua mwenzako ili ushangiliwe, hawakuyapitia. Danieli anakufundisha namna ya kukaa ofisini. Namna ya kufika huko itabidi uipime mwenyewe mbele za Mungu.

Kuna mfano mmoja ninaoupenda kuliko yote, wa Yothamu katika Waamuzi 9. Miti ilitafuta mfalme. Mzeituni ukakataa kwa sababu ya mafuta yake, mtini kwa sababu ya utamu wa matunda yake, mzabibu kwa sababu ya divai yake. Mwisho ukaombwa mti wa miiba, nao ukakubali mara moja, ukaitaka miti mingine ije ikae kivulini mwake, kivuli ambacho hauna. Mfano huu hutumika kuwasukuma waumini wagombee, na una haki ya kutumika hivyo. Lakini mzeituni haukulaumiwa pale. Mafuta yake yalihitajika kweli. Kila mtu ajiulize kama kazi anayoishika sasa ni mafuta ya kweli, au ni kisingizio tu cha kutoyumbishwa.

Kanisa lako linasemaje

Hapa nitapita upesi, kwa sababu jibu liko kwenye katiba ya dhehebu lako.

Kwa Wakatoliki mstari umechorwa wazi. Sheria ya Kanisa ya 1983, kanuni ya 285, inawazuia mapadre na maaskofu kushika nyadhifa za mamlaka ya kiserikali, na kanuni ya 287 inawazuia kuwa watendaji katika vyama vya siasa, isipokuwa pale mamlaka ya Kanisa inapoona haki za Kanisa au manufaa ya wote yanadai hivyo. Walei hawamo katika katazo hilo. Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliwahimiza kubeba wajibu huo. Kwa Wapentekoste utaratibu hutofautiana kutoka kanisa hadi kanisa: Mchungaji Getrude Rwakatare na Askofu Josephat Gwajima waliwahi kuwa wabunge huku wakiongoza makanisa yao. Mashahidi wa Yehova wao hawapigi kura wala kujiunga na chama, na huo ni msimamo wa imani unaostahili heshima.

Kama wewe ni mzee wa kanisa, katekista, mwinjilisti au kiongozi wa kwaya, zungumza na mchungaji au paroko wako kabla ya kuchukua fomu, asije akasikia kwa watu.

Sheria ya nchi

Ibara ya 3 ya Katiba ya mwaka 1977 inaitaja nchi yetu kuwa isiyo na dini, yenye kufuata mfumo wa vyama vingi. Ibara ya 19 inalinda uhuru wa kuabudu, na ya 20 inakataza kusajili chama kinachokusudia kupigania maslahi ya dini fulani. Kwa hiyo "chama cha Wakristo" hakipo wala hakiwezi kuwepo, na mimi nashukuru. Mkoa huu tunaishi nyumba kwa nyumba na ndugu zetu Waislamu, tunazikana na kuoana, na siasa ya dini ingetuumiza sote.

Kura unapiga ukiwa na miaka 18. Kugombea ubunge ni miaka 21, na lazima upendekezwe na chama. Aliyepigania haki ya kugombea bila chama alikuwa mchungaji: Christopher Mtikila alilipeleka suala la mgombea binafsi mahakamani kwa miaka mingi, na mwaka 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ilisema Tanzania inakiuka haki kwa kuzuia jambo hilo. Lakini chama bado ni lazima. Kwa hiyo njia ya pili ina ukomo wake: bila kadi hutafika udiwani wala uenyekiti wa mtaa.

Askari wa Jeshi, Polisi na Magereza wanapiga kura, ila Ibara ya 147 inawazuia kujiunga na chama chochote. Kwao njia ya tatu imefungwa mpaka watakapoacha kazi.

Gharama na majaribu

Hapa ndipo kijana wangu alipokaa kimya muda mrefu.

Anayekaa kando halipi kwa pesa. Analipa kwa maamuzi anayoyakuta yameshafanywa. Barabara inapimwa inapita kwenye shamba lake, mchango unapitishwa, kisima kinapelekwa kitongoji kingine, naye alikuwa kwenye maombi siku ya mkutano. Wapo wanaoipokea gharama hiyo kwa moyo mweupe, na hao nawaheshimu. Lakini ukiichagua njia hii kisha ukakaa mwaka mzima unalalamika kibarazani, hujaichagua kwa kweli.

Anayeshiriki bila kadi analipa kwa muda na kwa jina lake. Nilipokuwa kwenye kamati ya shule moja, niliuliza risiti za mbao za madawati. Niliuliza kwa upole, kwa sababu fedha zilitoka kwa wazazi. Kufikia jioni nilishapewa chama ambacho sikuwa nacho. Kwetu mtu anayeuliza hesabu hutafutiwa rangi ya bendera haraka sana. Risiti zililetwa baada ya wiki tatu, na baadhi ya salamu hazijarudi mpaka leo.

Anayegombea analipa zaidi ya wote. Kuna pesa ya kuzunguka kata, mafuta ya pikipiki, chai ya wapambe, usiku usio na usingizi, na mke au mume anayesikia habari zako sokoni kabla hujafika nyumbani. Na kuna wale wanaokuja mlangoni wakitabasamu: "Mheshimiwa, tutoe." Zamani sheria iliruhusu takrima, ule ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilisema vifungu hivyo vinakwenda kinyume na Katiba, na mwaka 2010 ikatungwa Sheria ya Gharama za Uchaguzi. Desturi haikufa kwa hukumu ile. Anayesema "sitatoa hata kanga moja" ajiandae kushindwa mara ya kwanza, pengine na ya pili.

Siwezi kuandika juu ya gharama nikapita kimya kwenye Oktoba 29, 2025, siku ya Uchaguzi Mkuu. Siku ile na zilizofuata kulikuwa na maandamano katika baadhi ya miji, intaneti ilizimwa, na kuna wazazi waliozika watoto wao. Baada ya hapo nimesikia Wakristo waliokuwa njia ya tatu wakirudi ya kwanza, na wengine waliokuwa ya kwanza wakisema hawawezi kukaa kimya tena. Sitamlaumu yeyote kati yao. Ninachoomba ni kwamba mtu asiamue akiwa na hofu peke yake, wala akiwa na hasira peke yake.

Umoja wa jumuiya

Kwaya yetu ina sauti nne, na nina hakika ina kadi za vyama zaidi ya kimoja. Tunaimba vizuri. Ufa huanza pale mtu anapoleta mgombea wake madhabahuni.

Aliyekaa kando ana zawadi ambayo wengi hawaioni: anaaminiwa na pande zote. Baada ya uchaguzi, ndugu wawili wakiwa hawasalimiani, anayeweza kuingia nyumba zote mbili na kukaribishwa chai ni yule asiyejulikana bendera yake. Asiye na kadi ana sehemu ya zawadi hiyo, mradi asiwe mtu wa kukejeli wapiga kura wa upande wa pili.

Mgombea huipoteza, hata akiwa mwema kiasi gani. Ndiyo maana ushauri wangu ni kwamba akabidhi nafasi yake ya uongozi kanisani kwa muda, akae kwenye benchi kama muumini. Asitumie kipaza sauti cha kanisa, na hata maadili ya uchaguzi yanakataza kampeni katika nyumba za ibada. Na ule mchango mkubwa wa mabati unaokuja ghafla wiki tatu kabla ya kura, mchungaji aupokee bila kumpa mtoaji nafasi ya kuhutubia, au auache. Kanisa linaweza kuvumilia kuvujiwa mwaka mmoja zaidi.

Matunda

Sisi wa Tabora hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Januari 1958 TANU ilikutana hapa kuamua kama itaingia kwenye uchaguzi wa kura tatu. Masharti yake yalichukiza: kila mpiga kura alipaswa kumchagua Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja, na si kila Mwafrika aliruhusiwa kupiga kura. Wengi walitaka kususa. Mwalimu Nyerere aliwasihi waingie, kwa hoja kwamba wakikaa nje, baraza la kutunga sheria litaachiwa wapinzani wao wa chama cha UTP (United Tanganyika Party). Mkutano ukakubali kuingia, na tangu hapo tunauita Uamuzi wa Busara. Wagombea waliotoka TANU na walioungwa mkono nayo walishinda, na miaka mitatu baadaye nchi ikawa huru.

Nyerere alikuwa Mkatoliki wa misa ya kila siku. Hapa hapa Tabora alifundisha St. Mary's kuanzia 1946 hadi 1949, na mwaka 1955 aliacha ualimu Pugu alipotakiwa kuchagua kati ya darasa na siasa. Kanisa lake sasa linamwita Mtumishi wa Mungu. Kwa anayefikiri kwamba siasa na sala haviwezi kukaa kwa mtu mmoja, hilo ni jambo la kutafakari.

Lakini nisimnyime haki aliyekataa. Zuberi Mtemvu aliona kwamba kukubali masharti yale ni kuyapa baraka, akatoka, akaanzisha chama chake. Wapo watu ambao dhamiri yao haiwaruhusu kuingia mahali ambapo kanuni zimepinda. Mkristo wa namna hiyo akilazimishwa kugombea atavunjika vipande.

Kwa siku za kawaida, matunda ni madogo na ya karibu. Mwenyekiti wa mtaa anasikiliza migogoro ya viwanja na kuandika barua za utambulisho. Mtu asiyedai "ya soda" kwa ajili ya barua hiyo ni baraka kwa mjane. Diwani anakaa kwenye baraza linalopitisha bajeti, na anaweza kuuliza ile asilimia 10 ya mapato ya ndani, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, imekwenda kwa vikundi gani.

Njia ya pili ina matunda ambayo naona Wakristo wengi wanayaacha mtini. Huko Urambo, Kaliua na Sikonge fedha ya mkulima wa tumbaku hupitia AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima. Viongozi wake, wanaosimamia mizani na kusaini makato ya pembejeo, huchaguliwa na wakulima wenyewe, bila kadi ya chama cha siasa. Mtu mmoja mwaminifu pale anaweza kuokoa ada za watoto wa kijiji kizima. (Wapo waumini wasiolima tumbaku kwa ajili ya imani yao. Kwenye asali na karanga nako kuna mizani.)

Na matunda ya maombi? Hayahesabiki kwa kilo, ila nimeona kikundi cha akina mama kikifunga na kuomba wiki ya uchaguzi, na mtaa ambao ulikuwa umeshaanza kutupiana mawe ukatulia. Mimi naamini.

Kulingana na hali yako

Kama umetoka kwenye uchungu, umefiwa, au umeokoka juzi na bado unajifunza kusimama, kaa kando kwa sasa. Omba, ponya moyo. Hakuna aliyekufungia huko milele.

Kama wewe ni padre, shughuli imekwisha: fundisha dhamiri, usigombee. Kama ni mchungaji wa dhehebu linaloruhusu, jiulize nani atawachunga waliokupigia kura na wasiokupigia, siku moja, kanisa moja.

Kama una dukani au shambani kazi inayokubana lakini unakerwa na mambo yanavyokwenda, njia ya pili ni yako. Anza na jambo moja. Kamati ya shule ina kazi ya kutosha. Askari na watumishi wengine wanaobanwa na masharti ya kazi nao watapata nafasi ya kutosha humo, kuanzia kwenye kura yao.

Kama watu wanakufuata bila wewe kuwaita, nyumba yako imekubali, una kipato kisichotegemea cheo, na umeshawahi kushindwa jambo hadharani bila kuwachukia walioshinda, fikiria fomu. Anza chini, mtaa au kitongoji, na chagua watu wawili wa kanisani wenye ruhusa ya kukuambia ukweli, mmoja wao awe wa chama kingine. Kama huna hata hilo la kipato, subiri. Njaa ya mgombea ndiyo mlango wa kwanza wa rushwa.

Na kama nyumbani mume anataka fomu na mke hataki, au mke anataka na mume hataki, msikimbilie kwa mchungaji awaamulie. Kaeni wenyewe kwanza, hata miezi sita.

Kijana wa kwaya alichagua kutochukua fomu mwaka ule. Alianza kuhudhuria mikutano ya mtaa na kalamu na daftari, akiandika kila ahadi na tarehe yake. Mkutano uliopita alisimama akasoma ukurasa mmoja, bila kupandisha sauti, na kibanda cha taka kilichoahidiwa muda mrefu kikaanza kujengwa. Uchaguzi ujao wa serikali za mitaa ni 2029. Ameniambia bado anaomba, na daftari amenunua la pili.